Msiba wa Jumatano

Mpiga pasi alikuwa amemaliza mashuka ya wodi ya wazazi na bado hajaamua nani afe leo. Baba mdogo alishakufa. Shangazi alifuata. Chumba cha kufulia cha hospitali kilijaa mvuke, mashine ya kukausha ilikuwa mbovu tangu mwaka jana, na mashuka yalimfikia mabichi, yenye madoa yaleyale, kwa sababu sabuni ilipanda bei na ofisi ikapunguza kipimo. Saa saba ilipokaribia alizima pasi, akafuta jasho, akaenda kwa msimamizi kumwambia kuwa mama mkwe wake amefariki.

Msimamizi alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ndiyo iliyomchoma. Alimpa pole, akasema mwezi huu umemwandama, akamruhusu kwenda.

Enzi za kunywa hakuhitaji kumuua mtu. Akiamka hajiwezi, alituma neno kwamba ana malaria, na msimamizi akaandika malaria. Chumba kizima kilijua malaria ile ni ugonjwa gani. Walicheka, wakagawana kazi yake, kesho yake akarudi kama kawaida. Siku alipotaka kuacha, akaomba muda wa kwenda kikao cha wanaoacha pombe, ndipo alipoambiwa kuwa ruhusa ni ya ugonjwa au msiba, na kuacha pombe si kimojawapo.

Hata kukipata hicho kikao kulimtoa jasho. Mapokezi walimtuma kliniki ya akili, kliniki wakamtuma ustawi wa jamii, na ustawi wa jamii wakamwambia mhusika yuko semina. Aliyemwelekeza mwishowe ni fundi viatu wa nje ya geti, tena bila kuinua kichwa.

"Chekechea ya nyuma ya soko," alisema. "Jumatano mchana, watoto wakishaondoka. Mimi hukaa karibu na mlango."

Na kweli leo fundi alikuwa karibu na mlango. Walikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia kidevu, chini ya picha za ng'ombe na mwavuli. Dereva aliyenyang'anywa leseni alieleza jinsi alivyopita mbele ya baa jana, akashikilia nguzo ya umeme mpaka hamu ikamwacha. Hakuna aliyecheka. Zamu ya mpiga pasi ilipofika, alisema amechoka, na kwamba leo amemuua mama mkwe. Hapo walicheka, naye akacheka nao. Saa ile moja ndiyo iliyomvusha wiki. Bila hiyo alijijua, Ijumaa isingemkuta salama.

Baada ya kikao alikaa nyuma ya kibanda cha fundi viatu mpaka muda wa kutoka kazini ulipopita, asije akaulizwa nyumbani. Alipofika kwake aliona viatu vya wageni mlangoni.

Ndani, msimamizi na mkunja mashuka walikuwa wameketi kwenye kochi, vitambaa vyeusi kichwani, paketi za sukari mapajani. Mbele yao, akichambua mchele kwenye sinia, aliketi mama mkwe, aliyehamia kwao miaka ile ya pombe ili binti yake asibaki peke yake.

"Karibu, baba," alisema. "Wageni wako wamekuja kunizika."

Mkunja mashuka alitazama dari ili asicheke. Mpiga pasi alisimama palepale mlangoni akaeleza yote: chekechea, vile viti, baba mdogo, shangazi. Aliona aibu kuliko siku zile za kuokotwa mtaroni, maana safari hii alikuwa na akili zake timamu.

Mama mkwe aliweka sinia chini.

"Mwacheni aniue," alimwambia msimamizi. "Alipokuwa anakunywa mimi ndiye niliyemvua viatu na kumfuta matapishi, na mwanangu analia chumbani. Aniue kila Jumatano, jioni arudi mzima, mimi sina neno. Wewe mpe ruhusa yake."

Msimamizi alijikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. Alisema ruhusa isiyo na sababu inamrudia yeye, na misiba hii nayo ofisini wameshaanza kuiuliza. Kisha uso ukamkunjuka.

"Jumatano ijayo nitakuandikia malaria. Malaria hawaiulizi."

Mkunja mashuka alishusha pumzi, mambo yamekwisha. Lakini mpiga pasi aliiona Alhamisi yake: wenzake wakimnusa mdomo, utani uleule, kazi yake ikigawanywa kwa kicheko kilekile. Alijua pia kwamba nyumba nzima inakula kwa kazi hiyo moja.

"Malaria sina, mama," alisema. "Andika ninakokwenda."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Nitakwenda hivyohivyo."

"Basi itakuwa utoro. Na unajua mtoro hufukuzwa."

"Andika utoro."

Msimamizi aliinuka taratibu, akamwambia mama mkwe abaki salama, akatafuta viatu vyake. Sukari aliiacha kwenye kochi. Mpiga pasi aliwasindikiza mpaka njiani.

Aliporudi, mama mkwe alikuwa ameshamaliza kuchambua. Aliutazama mchele uliokuwa kwenye sinia, akachota nusu yake, akairudisha kwenye mfuko.