Vidonge Viwili Visivyotambulishwa

Usiku wa jana niliota nimerudishwa kazini, stesheni, miaka kumi na minne baada ya kustaafu. Kofia ni ileile, ila reli inapita ndani ya kifua changu. Sikushangaa. Reli hupita inapopimiwa.

Kutoka shingoni inashuka treni ndogo nyeupe. Dereva ni kidonge changu cha tezi. Upande wa pili inakuja ya kidonge cha moyo. Njia ni moja. Nazisimamisha kwa bendera, nauliza kila dereva ametumwa nini.

"Kuuambia moyo ukimbie," kinasema cha tezi. "Na leo tumekuja wawili. Mzee alijiona mchovu, akaongeza."

"Mimi nimetumwa kuuambia upunguze mwendo," kinasema cha moyo. "Na huyu simjui. Hatujatambulishwa."

Ni kweli. Kliniki ya tezi ni Jumanne, ya moyo Alhamisi. Marehemu mke wangu, Tusajigwe, alikuwa anabeba kadi zote mbili kila safari na kumwekea daktari mezani, hata asipoombwa. Siku hizi natoa ile ninayoulizwa.

Cha tezi kinadai tumbo tupu, kama kilivyoandikiwa. Nakifungulia. Tumbo ni sebule yangu: viti sita, hakuna mtu.

"Hapa ni patupu mno," kinasema, kinarudi nyuma.

Kumbe kiti cha mwisho kina mtu. Moyo wangu umekaa, unahema, viatu mkononi.

"Mzee Mwakalinga," unasema, "kubalianeni niende vipi. Mimi nikisimama, safari imekwisha."

Tusajigwe anatoka jikoni, mikono ina unga. Miezi minane namsubiri, na hata salamu hatoi. Anaitazama kofia.

"Baba Ambakisye, miaka thelathini hukugonganisha treni hata moja. Leo unazigonganisha humo ndani."

Namwomba akae kidogo, viti vipo. Anasema ana mzigo wa kufunga.

Nikaamka, moyo unakwenda mbio. Leo ni Alhamisi.

Kadi moja huwa kabatini, nyingine chini ya godoro. Nimezikuta mezani, zimefungwa pamoja kwa utepe wa kitenge, fundo limekazwa kwa kushoto, kama alivyofunga yeye. Juu yake pana unga kidogo. Mimi natumia kulia, na ugali sijasonga tangu msiba.

Fundo siligusi. Daktari atalifungua mwenyewe, na habari ya kidonge nilichoongeza nitamwambia.