Salamu za Alimasi

Jumamosi asubuhi Mama Ngoie, mke wa katekista, alifika dukani kwa Yakubu kununua sabuni. Alimasi, mdogo wake Yakubu, alikuwa barazani, ameketi juu ya kreti la chupa tupu akimenya karanga. Akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akamshika Mama Ngoie mkono kwa vidole vyake vifupi vinene.

"Jambo, mama. Habari?"

"Muzuri tu, mutoto yangu," akajibu Mama Ngoie, na ardhi ikammeza hadi vifundoni.

"Ah, nilisahau!" akasema, akijikasirikia mwenyewe. "Si muzuri, Alimasi. Bwana yangu hasemi na minyi tangu Pasaka."

"Pole, mama."

Udongo ukamwachia. Mama Ngoie akakung'uta viatu, akaingia kuchagua sabuni.

Ndivyo mambo yalivyokuwa Kamina miaka ile Wabelgiji walipokuwa wakijenga Base ya ndege, na hakuna aliyepiga kelele. Wewe na mimi tunaulizwa habari, tunajibu njema huku nyumba inaungua nyuma yetu, na safari inaendelea. Kwa Alimasi haikuwezekana, kwa sababu Alimasi akiuliza, ameuliza. Alikutazama kwa macho yake madogo yaliyoinuka pembeni, ulimi ukichungulia kidogo mdomoni, akangoja jibu. Ukidanganya unazama, ukisema kweli unatoka. Wavuvi wa Kinkondja walioleta samaki wakavu kwa baiskeli walivua viatu kabla ya kumkaribia, wasije wakaviharibu. Karani mmoja wa reli, mtu wa tai, alizama hadi magotini akishikilia kwa Kifaransa kwamba ça va, ça va très bien, mambo ni mazuri kabisa. Mwishowe akalia kama mtoto, akanunua biskuti, akaenda zake mwepesi.

Usidhani Alimasi alikuwa malaika. Alikuwa mkaidi huyo! Aliramba sukari ya duka na kumsingizia paka. Alimwiga polisi wa mtaa, tumbo mbele, mpaka polisi mwenyewe akashika mbavu. Kwenye harusi alikuwa wa kwanza kucheza na wa mwisho kuketi, na akinuna, duka zima linanuna. Mkunga aliyempokea aliona mstari mmoja tu ukikata kiganja chake, akasema mtoto huyu hatakuwa na haraka. Kweli, alichelewa kutembea na kusema. Lakini alipoanza kusema, alianza na "habari?"

Yakubu alimpenda ndugu yake, hilo lisemwe wazi. Alimnyoa, alimkata kucha, alimwachia mnofu wa kuku. Tatizo la Yakubu lilikuwa macho ya watu. Sasa alitaka kuoa. Zaituni, binti wa mji wa Kongolo, alikuwa anakuja kwa treni pamoja na mjomba wake kumtazama mchumba, na wazee wa kwao Zaituni walikuwa na neno lao: nyumba iliyozaa mtoto wa namna ile haipewi mke.

Basi siku ya wageni Yakubu akamvalisha Alimasi kabuti kuukuu lenye vifungo vya shaba.

"Leo usiniite yaya," akasema, maana ndivyo Alimasi alivyomwita kaka yake.

"Nikuite nani?"

"Patron, kama mfanyakazi na tajiri wake."

Alimasi akacheka mpaka akakohoa. Vifungo, hata hivyo, vilimpendeza sana, akaahidi.

Wageni wakafika mchana, wakapokelewa nje mbele ya duka. Alimasi akamshika mjomba mkono, akauliza. Mjomba akasema viatu vinambana na safari imemchosha, akabaki juu ya ardhi. Akaulizwa Zaituni. Zaituni akafikiri.

"Naogopa," akasema.

"Na minyi pia," akasema Alimasi, wakacheka wote wawili.

"Huyu ni nani?" mjomba akamwuliza Yakubu.

"Ule? Ule mulinzi wa duka."

Alimasi akaona jasho likimtiririka kaka yake. Hakupenda. Akamshika mkono.

"Patron, habari?"

"Muzuri," akasema Yakubu, akazama hadi magotini.

"Kuna kitu hujasema," mjomba akamwambia kwa upole, maana sifa za ardhi ile zilikuwa zimefika hadi Kongolo.

"Sema tu," akasema Zaituni, akiutazama udongo. "Bulongo itakuachia."

Yakubu alijua cha kusema. Kilikuwa kifupi, kilikuwa hapo hapo ulimini. Akamtazama mjomba, akafungua mdomo. "Ni mulinzi," akasema, akafika kiunoni. "Mulinzi muzuri," akaongeza, akafika kifuani.

Zaituni akamgeukia Alimasi. "Weye, unasema weye njo nani?"

Alimasi alikuwa ameahidi, na alikuwa mtu wa ahadi. Akamtazama kaka yake pale chini.

"Minyi namulinda," akasema.

Hakuzama hata ukucha, maana ilikuwa kweli.

Mjomba akapima mambo, akaona kwamba mwanaume mwenye duka ni mwanaume mwenye duka, hata akionekana nusu. Wakaoana. Shehe alichuchumaa kuwafungisha ndoa, na Zaituni aliketi mkekani ili wawe sawasawa. Abner fundi akakata miguu ya meza ya duka, ikawekwa nje mbele ya Yakubu, wateja wakazoea kuinama, biashara ikaenda vizuri tu. Jikoni, mlango ukiwa umefungwa, Zaituni alimwita Alimasi shemeji na kumpa ukoko wa wali. Nje alimwita mulinzi, na ilikuwa lazima afupishe kitenge chake, kwa sababu naye alikuwa ameanza kuzama.

Kila asubuhi Alimasi alichuchumaa mbele ya kaka yake, akamfuta vumbi usoni, akamwuliza habari, akangoja. Aliweza kungoja mno, yule. Kila asubuhi Yakubu alivuta pumzi kama mtu anayetaka kusema neno, kisha mteja akapita.

"Muzuri," alisema Yakubu.

Siku moja ya jua kali Mama Ngoie alikuja kununua chumvi. Udongo ulikuwa umefika kidevuni kwa Yakubu. Alimasi alikuwa amesimama juu yake na mwavuli, akifukuza kuku.

"Yakubu, weye uko na mulinzi wa kweli," akasema Mama Ngoie.

"Hana mfano," Yakubu akajibu, akafunga mdomo upesi usiingie mchanga.

Alimasi akapiga magoti na kuushusha mwavuli, maana jua lilikuwa limehamia upande wa uso wa ndugu yake.