Soli ya Mguu wa Kulia

Fundi viatu alikuwa mtu wa maneno machache, na mengi ya hayo machache yalikuwa ya kugomba. Lakini siku redio ya duka la jirani ilipotangaza kwamba dunia imeingia vitani tena, aliweka nyundo chini, akaduwaa mpaka mteja akaondoka na kiatu kimoja. Alivijua vita. Vile vya kwanza viliwazoa kaka zake wawili kwenda kubeba mizigo ya jeshi, na kilichorudi ni barua moja kwa wote wawili.

Yeye naye Mungu alimpa mtoto mmoja tu, kijana wa miaka kumi na tano, mwenye mbio ambazo mtaa mzima ulizijua. Walimwita Upepo.

"Huyu hawamchukui," fundi alimwambia mkewe. "Wanizike mimi kwanza."

Sajini alikuwa akipita nyumba hadi nyumba akikusanya vijana. Vilema tu ndio walioachwa. Basi fundi akamfunga mwanawe vitambaa mguuni, akamlaza ndani wiki sita, akatangaza mtaani kwamba kijana ameanguka kutoka paani na mfupa umeunga vibaya. Kisha akamshonea jozi: cha kushoto kiatu cha kawaida, cha kulia soli nene ya vidole viwili, kama ya mtu mwenye mguu mfupi. Kazi safi, lo! Hata fundi mwenzake asingeshuku kitu.

"Miezi sita tu, mwanangu," alisema. "Vita vyenyewe vitakuwa vimekwisha."

Miezi sita! Mkubwa gani wa vita aliyemwambia hayo, sijui. Mwaka ukapita, ukaja wa pili. Upepo alichechemea mchana kutwa, mgongo ukimuuma, akamwomba baba yake amruhusu kuvua kiatu walau akiwa ndani.

"Humo ndani ndimo sajini anamoingia bila hodi," fundi akamfokea. "Vaa!"

Na kweli sajini aliingia. Akamwambia Upepo atembee mpaka ukutani na kurudi, akakaza macho. "Mbona kama hachechemei sana siku hizi?"

Fundi alijichekesha. "Ameshazoea, afande. Kijana mdogo huzoea haraka."

Sajini aliondoka, lakini fundi hakula siku ile. Alikaa kwenye kigoda chake, akabandika tabaka jingine la ngozi chini ya soli. Sajini akirudi, tabaka. Uvumi ukisikika kwamba sasa wanachukua hata wenye chongo, tabaka. Mkewe alimwambia, "Baba Upepo, tazama mtoto anavyosimama." Hakutazama. Alikuwa akitazama soli.

Barua nazo zikaanza kuingia mtaani. Muuza mikate alipata ya mwanawe wa kwanza, kisha ya wa pili, akabaki na tanuri lake. Siku moja alileta kandambili kushonwa, akamwona Upepo akijikokota uani.

"Ndugu yangu," alisema, "wako alianguka paani ukalia. Kumbe ndiyo bahati hiyo."

Fundi aliinamia kazi asionekane uso. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile ile alifurahi, na akajichukia kwa kufurahi.

Vita vilikwisha mwaka wa sita, asubuhi. Redio ilipasua sauti, watu wakamwagika barabarani wakikumbatiana, wengine wakilia peke yao. Fundi alifunga mlango, akapiga magoti mbele ya mwanawe, ambaye sasa alikuwa na ndevu. Akamfungua kamba kwa pupa, akakitupa kile kiatu pembeni.

"Haya, Upepo! Kimbia!"

Upepo alisimama peku. Bega moja likashuka, kiuno kikaenda upande. Kisigino cha kulia kilining'inia, hakikufika sakafuni. Alipiga hatua mbili, akashika meza.

"Simama sawa, acha utani," fundi alisema.

"Baba, nimesimama sawa."

Fundi alichukua utepe, akampima kiunoni hadi chini, kushoto, kulia. Akapima tena. Mkewe alijiziba mdomo. Huko nje watu waliimba.

"Nitakunyoosha," fundi alisema, sauti ikimtoka kama ya mtoto. "Nitapunguza kidogo kidogo, kila mwezi..."

"Nimekwisha kukua, baba." Upepo hakugomba, na bora angegomba. "Nivalishe. Nataka kutoka, nikawaone waliorudi."

Fundi alikiokota kiatu. Vidole vilivyofunga kamba maisha yake yote vikashindwa kulipata tundu. Mkewe akamsogeza, akapiga magoti mahali pake, akakifunga yeye.