Niwekee Zile za Dirishani

Mimi sina subira na watu wa kuuliza bei. Niulize mara moja, nitakujibu na tabasamu. Mara ya pili, nitakujibu tu. Ya tatu, nitakuuliza kama kwenu hakuna kazi. Sasa huyu Mzee Echodu alikuwa ameniuliza bei siku saba za soko, na hajanunua hata betri.

"Mama Bridgit, zile za dirishani ni ngapi?"

"Laki nne na themanini, mzee. Kama wiki iliyopita."

"Hiyo ni moja?"

"Ni mbili! Spika ni kama viatu, mzee, haziuzwi mguu mmoja."

Kizuri chajiuza, wanasema. Uongo! Hizo zilikaa ndani ya maboksi yake miezi saba. Watu wa Busia wanataka spika ya kutikisa mabati, na hizi ni ndogo, kimo cha debe. Kila moja ina amplifaya yake ndani, huhitaji mashine nyingine, na kazi yake ni kukuletea sauti vile ilitoka mdomoni. Nilizisikiliza Nairobi nikasikia mwimbaji akimeza mate. Nikazipenda, nikanunua, nikajuta. Hatimaye Mathews, mwenye hoteli Malaba, alikubali bei yote kwa sharti moja: maboksi yawe hayajafunguliwa, tepu isiguswe. Angekuja siku hiyo saa nane.

Ilikuwa saa tano, na baada ya kuuliza bei mzee akatoa simu yake, kama kawaida. Kila wiki alikuwa ananiomba nimuunganishie kwa spika fulani, sauti chini kabisa, anainamisha sikio, anatikisa kichwa, anaenda zake. Siku hiyo nilichoka. Nikasema huyu hasikii, wacha nimsaidie. Nikaunganisha simu kwa ile spika kubwa ya mlangoni na kufungua sauti yote.

Sauti ya mwanamke ikanguruma mpaka barabarani. Mzee aliruka, akang'oa waya kwa mikono miwili.

"Ala! Mzee, utaniharibia spika!"

"Watu watasikia," akasema. "Mama, wewe unajua Kiteso?"

"Mimi ni Mjaluo. Najua 'yoga' pekee, ile salamu."

"Ndiyo maana nakuja kwako. Malaba ni karibu na kwangu, lakini wenye maduka kule wote ni Wateso, watoto wa kanisa langu."

Akaketi. Ile sauti ilikuwa ya mkewe, Amoding. Alikuwa amelazwa hospitali ya Kocholia, na siku moja mzee alipotoka kumtafutia uji, mama akamwomba nesi amrekodi kwa simu ya mzee. Mzee aliporudi, mama akamwambia, "Utasikiliza nyumbani." Siku mbili baadaye akafariki. Miezi minane sasa.

"Nasikia sauti yake," mzee akasema. "Maneno siyasikii. Yanazama. Mtoto wangu angeniambia anasema nini, lakini kama ni mambo ya mume na mke, nitamtazama mtoto vipi?"

Haki niliona aibu, sikujua pa kuweka uso. Miaka kumi na moja nauza sauti, na sikuwa nimefikiria kwamba masikio ya mzee hayataki kelele, yanataka maneno yatengane. Zile besi zangu za mlangoni ndizo zilikuwa zinamzamisha Amoding.

"Niwekee zile za dirishani," akasema polepole. "Mara moja tu."

Nilitazama saa. Nikatazama tepu. Boksi likifunguliwa si jipya tena, na mimi na Mathews tunajuana, huyo hasamehe. Wueh! Nikachukua kisu nikakata kabla moyo haujageuka.

Nilizima ile spika ya mlangoni, nikafunga mlango. Nikaweka stuli katikati, spika moja kila upande wa mzee. Nyuma zina swichi ndogo: nikashusha besi, nikapandisha sauti nyembamba, ile inayobeba ncha za maneno. Nikataka kutoka.

"Kaa," akasema. "Si hujui Kiteso?"

Nikakaa. Kwanza tulisikia kijiko kikigonga kikombe. Halafu pumzi. Halafu Amoding akaongea, pale pale, kama amevuta kiti. Mimi sikuelewa neno, lakini nilimsikia anavyochoka katikati, na mahali fulani akacheka kidogo. Mzee alicheka pia, wakati ule ule. Alikuwa amesikia. Machozi yalinitoka nikayaacha.

Alirudia mara tatu. Kisha akachomoa waya mwenyewe, taratibu.

"Amesema koti langu liko kwa fundi Nasimiyu, kule Matayos. Amelipia. Amesema nikimzika nisivae koti la mtu." Akafuta uso. "Na nilivaa la jirani. Mengine aliyosema ni yangu."

"Ni yako, mzee," nikamwambia. "Enda uchukue koti."

Mathews alipoona tepu imekatwa alishusha elfu arobaini. Nilikubali bila kubishana, mpaka akaniuliza kama ninaumwa.

Siku ya soko iliyofuata mzee alisimama mlangoni. Koti la bluu, jipya, lakini mabega yamemzidi na mikono imefika kwenye vidole.

"Leo hauulizi bei?" nikamtania.

"Leo nimekuja tu ulione."

"Limekutoa vizuri. Lakini huyo fundi amekosa vipimo, mzee. Mrudishie apunguze."

"Hakukosa. Alienda kumwona Amoding hospitalini, na Amoding akampa vipimo vyangu kwa kukumbuka." Akajitazama, akanyoosha mikono mbele ili nione vizuri. "Hivi ndivyo nilivyokuwa alipoolewa na mimi. Sipunguzi."