Meno ya Mavis

Ta. Kimya. Kisha tena, ta, ta, juu ya magazeti kule kibarazani.

Brydie aliruka kutoka kitandani kabla ya kupambazuka, tochi mkononi. Siku mbili nzima Mavis hakuangusha kitu, na koala, mnyama wa mitini alaye majani tu, asipoangusha kinyesi hajala.

Jana yake Noreen, daktari wa wanyama, alimfungua Mavis mdomo akaguna. "Bibi huyu ana miaka kumi na miwili na ushee. Meno yamesagika kuliko yangu."

"Lakini gari lilimgusa tu, Noreen," Brydie alisema. " Hana hata jeraha."

"Gari halimuui, mwanangu. Njaa ndiyo itakayomuua. Kesho nipe kinyesi chake nikipasue. Nikikuta vipande vya majani, basi hatafuni tena, namlaza usingizi wa mwisho. Na usije ukanililia."

Brydie hakulia. Alikuwa na mwaka mmoja tu wa masomo ya jioni ya kuuguza wanyama, na Mavis ndiye mgonjwa wake wa kwanza. Lakini nani hapa Goonellabah, Australia, asiyejua koala wanavyokwisha? Mbwa wanawararua, magari yanawagonga, ugonjwa wa klamidia unawapofusha na kuwanyima uzazi, kiangazi kinawakaushia majani. Wengi hawafiki miaka kumi. Na anayeponyoka hayo yote, meno yake mwenyewe humgeuka: atatafuna usiku kucha, tumbo litajaa majani yasiyosagika, na atakufa njaa.

Mavis alikuwa ameponyoka yote. Ndiyo maana jioni ile Brydie alibeba ngazi mpaka kwenye mkaratusi wa kando ya barabara ambao bibi huyo aliokotwa chini yake, akakata vichipukizi.

Saa mbili asubuhi Noreen alikisugua kinyesi kati ya vidole. Kikawa unga, laini kama ugoro.

"Umemlisha nini?"

"Mti wake. Nilikuwa nikimletea majani ya uani kwetu. Nilikosea; hula ya mti aliouzoea tu."

Noreen akautazama tena ule unga. "Kosa hilo mimi nililifanya miaka mitatu kabla sijashtuka. Wewe siku mbili." Akafuta vidole. "Haya. Bibi bado ana mwaka au miwili ya kutafuna."

Wiki iliyofuata, uzito ulipoongezeka, walimrudisha mtini kwake. Mavis alishika gome, akapumua, akaanza kukwea taratibu, bila kugeuka nyuma. Brydie alisimama kifua mbele, kama aliyemwona mama yake mzazi akipokea cheti. Kando yake Tilly, binti yake wa miaka mitano, alikuwa ameinua uso mpaka kofia ikaanguka.

"Amepanda mwenyewe," akasema.