Aliyezama kwa Jina la Nassor

Siku Haidar bin Mbarouk alipoondoka Unguja, alisimama mlangoni asubuhi mapema akijifunza kuitwa jina la kaka yake. Mkewe Zuweina, mwenye mimba ya miezi mitano, alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akimsaili kama karani wa bandarini. Unaitwa nani? Nassor. Umezaliwa mwaka gani? Haidar akakosea, akataja mwaka wake mwenyewe, na Zuweina akacheka mpaka akashika tumbo.

Ulikuwa mwaka wa arubaini na mbili. Mwenye cheti cha ubaharia alikuwa Nassor, na mwenye nafasi ya kuchochea makaa katika meli ya mizigo ya Waingereza iliyokuwa ikipakia Mombasa alikuwa Nassor. Lakini vita vilishafika baharini, na Nassor akaugua homa isiyo na joto. Mambo hayo yalikuwa ya kawaida siku zile, ndugu wawili kutumia cheti kimoja. Mzungu, watu walisema, hatazami sura, anatazama karatasi. Haidar alikuwa mwokaji mikate, na moto haukuwa mgeni kwake. Safari moja tu, Nassor alimwambia, ukirudi mie nshapona. Haidar akatoka na cheti cha kaka yake mfukoni, asirudi.

Mtoto aliyezaliwa miezi minne baadaye aliitwa Samia. Sasa ana miaka themanini na tatu, anakaa Ghulail mjini Jeddah, na karibu miaka yote hiyo aliitumia kumchukia baba yake.

Chuki hiyo hakuizua mwenyewe, alipewa. Vita vilipokwisha, Nassor aliitwa ofisini kwa wenye meli, akarudi nyumbani akakaa siku tatu bila kusema na mtu. Siku ya nne alimwambia Zuweina kwamba Haidar yu hai. Kaonekana Bombay, kaoa huko, ana tanuri lake la mikate. Zuweina alimwamini, maana shemeji mkubwa ni mzazi, na nani angesema uongo juu ya ndugu yake wa tumbo moja? Mwaka wa hamsini na moja mwalimu mmoja wa Ng'ambo, aliyefiwa na mkewe, alileta posa. Zuweina alimtaka yule mwalimu. Akaenda kwa kadhi ili ndoa ya mume asiyeonekana ivunjwe, na kadhi akamwita Nassor. Nassor alishika msahafu akaapa kwamba ndugu yake yu hai, hajatoa talaka, na kwamba mkewe analishwa na kuvishwa na yeye Nassor kwa niaba ya mumewe. Basi hapakuwa na cha kuvunja. Mwalimu akaoa kwengine.

Baada ya mapinduzi, Nassor aliwahamisha wote Jeddah, na hapo Zuweina akafa mwaka wa sabini na tisa, mke wa mtu mpaka kaburini. Hakukaa eda. Hakupata hata ile haki ya mjane, ya kupewa mkono wa pole na kuachwa alie. Samia alikuwa binti wa mtoro tangu chuo cha Kurani. Kila iliposomwa Kurani kwa ajili ya wafu, na kila mtu akatia nia kwa wake, yeye alimtaja mama peke yake. Baba yeye alimruka kama mtu anavyoruka dimbwi la maji machafu.

Mwaka jana, mwezi wa Oktoba, mjukuu wake Lina alimpigia simu kutoka Riyadh. Lina anafanya kazi na kampuni inayopanga maonyesho, na wakati huo walikuwa wakipanga maonyesho ya vyombo vya bahari.

"Bibi, sikiliza kichekesho," alisema. "Hapa pana meli ya Kijapani, imeandikwa kwamba Baba Mkubwa wenu kazama nayo. Mwaka wa arubaini na nne! Na hapo Jeddah tukamzika mwaka wa themanini na tisa. Mwanamme kafa mara mbili, mashaallah."

Samia hakucheka. Alimwambia alisome jina tena. Nassor bin Mbarouk, mchochea makaa, Zanzibar. Akamwambia alisome mara ya tatu. Kisha akamwambia amkatie tiketi ya ndege, na Lina aliposema kwamba anaweza kumtumia picha, akajibiwa kwamba picha akawatumie wenzake.

Kule Riyadh alisimama mbele ya sanduku la kioo akiegemea mkongojo. Ndani yake palikuwa na mfano wa meli, urefu wa kitanda cha mtoto, umechongwa kwa mti na kupakwa rangi ya kijivu. Mizinga minane midogo iling'aa kama vijiko. Lina alimsomea maelezo ubaoni. Meli hiyo, Asahina Maru, iliundwa ili ichukue abiria. Ilikuwa na ukumbi wa muziki na vyumba vyenye mapazia. Vita vilipoanza, jeshi la majini la Japani likaichukua, likang'oa mapazia, likatia mizinga, likaipeleka Bahari ya Hindi kuwinda meli za mizigo. Ilikuwa ikijifanya meli ya amani mpaka imkaribie adui, kisha inainua bendera yake ya kweli. Baadaye waliivua mizinga, wakaifanya ya kubebea askari, na mwaka wa arubaini na nne nyambizi ikaipiga. Ubao ulisema ilitimiza wajibu wake kwa heshima.

"Na waliokamatwa?" Samia aliuliza.

Hao walikuwa kwenye kijitabu pembeni, si kwenye ubao. Kilikuwa kimeandikwa na watoto wa mabaharia wa meli ile, wazee wa Kijapani waliokuwa wakikusanya majina ya wote waliofia humo, wa kwao na wasio wa kwao. Walieleza wazi, bila kujitetea, kwamba wachochea makaa wa meli zilizotekwa walibakishwa chini kwenye matanuri kwa miaka miwili. Nyambizi ilipopiga, mlango wa juu ulikuwa umefungwa kwa nje. Walikuwa ishirini na sita. Hakutoka hata mmoja.

Samia alimwuliza Lina matanuri yalikuwa wapi. Lina alionyesha kwa kidole, chini ya mstari wa maji, palipopakwa rangi nyekundu. Bibi akainama, akatazama. Hapakuwa na dirisha wala mlango. Ulikuwa mti mtupu.

"Mlango wa meli walifunga wao," alisema. "Wa nyumbani tukafungiwa na Nassor."

Hapo ndipo Lina alipoacha kuchukua picha.

Siku ile ile Samia, kwa mkono wa Lina, aliwaandikia watu wa kijitabu. Walijibu baada ya siku mbili, kwa adabu nyingi. Toleo la mwisho litachapwa mwezi wa Aprili, walisema, kisha watafunga kazi, kwa kuwa wenyewe wamezeeka na wamebaki wanne. Wako tayari kubadili jina. Lakini hawawezi kumfuta marehemu mmoja na kumwandika mwengine kwa maneno matupu. Waletewe cheti cha kifo cha Nassor bin Mbarouk wa kweli, kinachoonyesha kwamba alifia nchi kavu. Cheti hicho kilikuwa kimoja tu, na kilikuwa katika kabati la Usama, mtoto wa Nassor, nyumbani kwake Al-Safa, Jeddah hiyo hiyo.

Usama ana miaka sabini na tano na ndiye mkubwa wa ukoo. Alimpokea Samia kwa kahawa na tende, akamsikiliza bila kukatiza, na kimya chake ndicho kilichomsaliti. Mtu anayesikia jambo kwa mara ya kwanza huuliza.

"Ulikuwa unajua," Samia alisema.

Usama akazungusha kikombe. Baba aliniambia akiwa kitandani, alisema, wiki ya mwisho. Aliniambia, mwanangu, mie nilikufa mwaka wa arubaini na nne. Wenye meli walimwita kumpa habari za kifo chake mwenyewe. Walidhani anayekuja ni mtu wa nyumbani kwa marehemu, na yeye aliogopa kuwasahihisha. Angesema Haidar kafa, wangeuliza Haidar alifikaje melini. Hicho kilikuwa kifungo, Dada Samia. Na mamako angejua, habari ingefika kule kule. Na mie niliusiwa nisitiri.

"Sitara ya nani? Ya mamangu aliyekufa akidhani kaachwa?"

"Baba alikulisheni. Kakuleteni huku, kakusimamieni mpaka mkapata karatasi. Bila yeye mngekuwa wapi?"

"Bila yeye ningekuwa na baba."

Usama alivuta pumzi, akateremsha sauti kama anayezungumza na mgonjwa. Alimweleza kwamba karatasi zao zote, za watoto na wajukuu, zimesimama juu ya jina la Nassor bin Mbarouk. Leo cheti cha kifo kitoke, kiende Japani, kisemwe kuna Nassor wawili. Kesho mtu wa ikama, wa vibali vya kuishi, aanze kuuliza maswali. Halas, mambo ya wafu tuwaachie wafu.

"Wee Usama, huna akili au unanifanya mie sina?" Samia alisema. "Baba yako alikuwa Nassor kweli. Aliyekuwa si Nassor ni wangu. Unaogopa karatasi kama baba yako, na yeye angalau alikuwa na sababu."

Akainuka bila kumaliza kahawa. Kwa watu wa kwao hilo ni tusi, na alitaka lipokelewe hivyo.

Alirudi mara mbili zaidi. Mara ya kwanza aliambiwa Usama kalala. Mara ya pili alimsikia akikohoa nyuma ya mlango. Novemba ikapita, Disemba ikapita. Samia hakuwa na usingizi mzuri wala hamu ya kula. Jambo lililomla zaidi halikuwa Nassor. Ni kwamba mtu aliyekufa maji ni shahidi, kama aliyefia dini, na yeye kwa umri mzima alimwita shahidi mtoro, na kila alipotajiwa jina lake alitema mate. Hilo Nassor hakulifanya. Alilifanya yeye, kwa ulimi wake.

Mwezi wa Shaabani, kama kila mwaka, Usama alifanya hitima ya baba yake. Wanaume walikaa sebuleni na wanawake chumba cha ndani, na kati yao pazia tu. Samia alikwenda. Aliketi karibu na pazia, juzuu mapajani, asiifungue. Kisomo kilipokwisha, na Usama akaanza kumwombea dua marehemu Nassor bin Mbarouk, msema kweli, mlezi wa mayatima, wanawake wote waliinua mikono isipokuwa yeye.

"Sema yatima wa nani," alisema kwa nguvu.

Dua ikakatika. Mtu mmoja upande wa wanaume akakohoa.

"Sema, Usama. Mayatima aliwalea, na aliyewafanya mayatima ni nani? Baba yangu kafungiwa ndani ya meli ya Wajapani kwa cheti cha baba yako. Miaka miwili kachochea moto wa watu wanaomwita Nassor. Kafa anaitwa Nassor. Na huku nyumbani Nassor mwenyewe kashika msahafu kaapa kwamba yu hai Bombay. Mwombee dua hivyo. Uitaje na hiyo."

Kutoka sebuleni Usama alisema kwamba Dada Samia ni mgonjwa, uzee, wanawake wamtoe nje akapate hewa. Bibi mmoja akamshika bega. Samia akalitikisa bega lake.

Aliyeinuka alikuwa Amal, binti wa Usama, mwanamke wa miaka hamsini aliyeachika na kurudi kwa baba yake, mtu wa maneno machache ambaye kazi yake katika hitima zote ilikuwa kupanga sahani. Alikwenda chumba cha baba yake. Walisikia kabati likifunguliwa. Aliporudi alikuwa na bahasha ya rangi ya udongo, akaiweka mapajani mwa Samia, juu ya juzuu.

"Hichi hapa, Shangazi," alisema. "Nimekiona kila mwaka ninapotoa vumbi. Sikujua kina kazi."

"Amal," Usama aliita nyuma ya pazia. "Rudisha ulipokitoa."

Amal alikaa chini karibu na Samia. Mikono akaificha ndani ya mtandio. Usama akaita mara ya pili, kisha mara ya tatu kwa jina kamili, bint Usama bin Nassor, kama anayemwita mtu mahakamani. Upande wa wanaume hakuna aliyemsaidia, wala hakuna aliyemnyamazisha. Samia alifungua bahasha. Jeddah, mwaka wa themanini na tisa, moyo. Kafa kitandani, alisema, amefunikwa shuka. Alilisema hilo mara mbili.

Lina, aliyekuwa amekuja kutoka Riyadh kwa ajili ya siku hiyo, alipiga picha ya cheti palepale na kuituma, kabla ya sahani za pilau kuletwa. Watu wengi hawakula.

Siku ya pili imamu mmoja wa Ghulail alimwambia Samia kwamba sala ya maiti asiyekuwepo kwa mtu aliyekufa miaka themanini iliyopita ina maneno kwa wanazuoni, wengine wanaikubali na wengine hawaikubali. Samia alimwambia achague wanaoikubali. Walisali baada ya adhuhuri, wanaume kumi na mmoja, wawili kati yao watoto wa Usama. Yeye alikuwa nyuma peke yake.

Toleo jipya lilifika mwezi wa Aprili kwa posta. Wachochea makaa bado ni ishirini na sita, na mmoja wao ameandikwa Haidar bin Mbarouk, mwokaji mikate, Unguja, ameacha mke na mtoto mmoja. Usama alipelekewa nakala, akairudisha bila kuifungua.

Amal anakaa Ghulail kwa Samia. Nguo zake zililetwa na dereva ndani ya mifuko miwili, na baba yake hajapokea simu yake.