Ukurasa wa Fundi Redio

Programu yetu ya simu iliwasomea dawa zao wagonjwa wasioona vizuri: vidonge vingapi, saa ngapi. Niliiandika mimi, mwaka uleule niliomaliza chuo. Shemeji yangu, mume wa dada, alichora kurasa zake. Ofisi ilikuwa sebule yao, meza moja na feni iliyopiga kelele kuliko kupuliza.

Sehemu iliyogeuza tarakimu kuwa sauti haikuwa yangu. Ilitungwa na fundi redio mmoja aliyejifunza kompyuta peke yake, akaiweka mtandaoni bure. Leseni yake ilikuwa na sharti moja tu: jina lake libaki ndani ya programu, mahali mtumiaji anapoweza kuliona. Nililiweka kwenye ukurasa wa mwisho.

Siku mbili kabla ya uzinduzi shemeji aliufikia ukurasa huo, akaguna.

"Shemeji, hili ni tangazo la msiba? Nani atasoma maneno haya?"

"Ni sharti la leseni."

"Sharti! Wewe hata ukipewa maji ya kunywa utataka kutia saini. Utoe, tutaurudisha toleo lijalo."

Nilicheka, nikaufuta. Matoleo matatu yakapita.

Jumanne moja fundi mwenyewe alipiga namba ya ofisi.

"Mdogo wangu, nimesikia kazi yangu ikiongea kwenye simu ya jirani, nikacheka peke yangu kama mwehu! Sasa sikia. Alhamisi nina usaili, chuo cha ufundi kinatafuta mwalimu. Cheti sina. Nitawaonyesha jina langu humo kwenu. Limo, sivyo?"

Nilijua halimo.

"Limo, kaka."

Nilijiambia ni ukweli uliochelewa kidogo. Hapohapo niliurudisha ukurasa, nikatuma toleo jipya kwenye duka la programu. Huko hulikagua kwanza, kwa kawaida siku moja. Jumatano nzima nilikodolea macho neno lilelile: linakaguliwa.

"Kwani unaatamia mayai?" dada aliniuliza.

Ningeweza kumwandikia barua ya mistari mitatu, yenye saini, kwamba kazi ile ni yake. Lakini barua ingelazimika kueleza kwa nini jina halimo, nami nilijionea haya kuliko nilivyomwonea yeye huruma.

Usaili ulikuwa Alhamisi saa nne asubuhi. Toleo lilikubaliwa saa nane mchana.

Ijumaa nilijikaza, nikampigia.

"Nilipekua kurasa zote mbele yao," alisema. "Nikasingizia simu, eti imezeeka kama mwenyewe. Mama mwenyekiti wa usaili akanihurumia. Hapo ndipo paliponiuma. Wamemchukua mwenye cheti."

"Kaka, nililifuta mimi. Jumanne nilikudanganya."

Nyuma yake redio ilikuwa ikikoroma. Akaizima.

"Ungeniambia, ningeomba barua," alisema taratibu. "Hata yenye aibu yako ndani. Wangeisoma."

Nikaambulia neno lisilofaa kitu.

"Sasa limo, kaka."

"Najua. Jirani kanionyesha asubuhi." Akaiwasha redio tena. "Mmeliandika vizuri."